Mgeni Katika Mabepari wa Venisi: Usomaji Kutoka Sengerema

1.0 Utangulizi

Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1969, imesomwa na kuhakikiwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kiswahili. Lakini ukizikusanya insha hizo zote ukaziweka juu ya meza, utaona kuwa nyingi zinaimba wimbo mmoja. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967; miaka miwili baadaye tafsiri ikatoka; jina la asili linataja mfanyabiashara mmoja tu, Mwalimu akaandika mabepari, tena kwa wingi; kwa hiyo dhamira kuu ni unyonyaji. Mwanafunzi anaandika hivyo, anapata alama zake, anafunga kitabu. Basi.

Sipingi kwamba dhamira hiyo imo. Imo, na mfasiri aliitaka iwemo. Ninachodai katika makala haya ni kwamba uti wa mgongo wa tamthilia hii ni ugeni: nani anakaribishwa katika nyumba ya nani, kwa masharti gani, na anasemwaje akishatoka mlangoni. Fedha zinaingia baadaye, kwa sababu zipo nyumba ambamo mgeni havumiliwi ila kwa kile alichobeba.

Hoja hii sikuichimba maktaba peke yake. Nimeipima kwa masimulizi ya mdogo wangu, binti wa mama mdogo, mzaliwa wa Sengerema, aliyekaa mwaka mmoja wa masomo, 2022 hadi 2023, katika nyumba ya familia ya Kitaliano mjini Padova, mwendo mfupi wa treni kutoka Venisi yenyewe. Msomaji anaweza kuuliza: ya binti wa mama mdogo yanaingiaje katika uhakiki? Yanaingia kwa sababu tumezoea kuhukumu kazi ya fasihi kwa kigezo cha uhalisi wa maisha, kisha maisha yenyewe tunayaacha nje ya darasa. Majina ya wahusika nitayaandika kama yalivyo katika tamthilia ya asili ya William Shakespeare, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1600.

2.0 Bepari, mizani na mgeni

Tuanze na neno lenyewe. Bepari ni neno lililotujia kutoka lugha za Bara Hindi, na huko maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu. Siasa ndiyo iliyolipa meno. Kwa hiyo Mwalimu alipoandika mabepari hakupotosha asili kama baadhi yetu tunavyodhani. Alichukua neno lenye maana mbili, ya zamani na ya Azimio, akaziacha zote mbili zifanye kazi.

Kwetu Kanda ya Ziwa neno hilo lilikuwa na sura ya mtu. Lilikuwa mnunuzi wa pamba. Wakulima wa Usukuma na Uzinza walilalamika miaka mingi kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia, na malalamiko hayo ndiyo yaliyokuwa mbolea ya vyama vya ushirika, hadi mwaka 1955 ilipoundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wake mashuhuri. Sasa mpe mzee wa Sengerema aliyewahi kubeba gunia la pamba kichwani tamthilia ambayo ndani yake mkopeshaji anaingia mahakamani na kisu mkono mmoja na mizani mkono mwingine. Unadhani atahitaji mwalimu wa kumweleza? Wapi! Atasema: huyu namjua.

Lakini hapo hapo ndipo penye ngoma. Yule mnunuzi wa pamba alikuwa mgeni kwetu, na sisi tulikuwa wenyeji. Shylock naye ni mgeni Venisi, ingawa anaishi humo humo. Kiswahili hakina mlango wa kukwepea hapa. Neno mgeni linabeba mtu aliyekuja kututembelea tukamchinjia kuku, linabeba mtu tusiyemjua, na linabeba pia raia wa nchi nyingine anayetafutwa na uhamiaji. Lugha nyingine zina neno kwa kila mmoja wa hawa watatu. Sisi tunao katika neno moja. Hoja yangu haitegemei neno hilo limetokea mara ngapi kitabuni. Inategemea kwamba msomaji wa Kiswahili akikutana na yeyote kati ya watu hao watatu, wawili waliobaki wanamchungulia.

Kwa hiyo msomaji wa Sengerema anakwama njia panda. Akikumbuka mizani, yeye ni mwenyeji na anafurahi Shylock akishindwa. Akikumbuka binti yake aliye Padova, yeye ni mzazi wa mgeni, na furaha ile inamkaa kooni.

3.0 Belmont: chakula kwanza, mtihani baadaye

Nyumba kubwa ya tamthilia hii ni ya Portia, kule Belmont. Wageni wanamiminika kutoka kila upande kumposa, na kila mmoja anawekwa mbele ya visanduku vitatu: dhahabu, fedha na risasi. Miongoni mwao yumo mwana wa mfalme wa Morocco, Mwafrika. Nimeona insha nyingi zinampitia huyu kwa sentensi mbili, eti ni mfano wa tamaa kwa kuwa alichagua dhahabu. Tumtazame vizuri.

Jambo la kwanza analosema akifika ni kuomba asichukiwe kwa rangi yake. Hajaulizwa, lakini anaanza na utetezi. Yeyote aliyewahi kuishi ugenini anaijua desturi hiyo ya kujibu swali kabla halijaulizwa. Portia anamjibu kwa adabu kwamba machoni pake yeye hana upungufu kuliko mposaji yeyote aliyemtangulia. Jibu zuri. Ila sisi tuliokaa upande wa hadhira tunajua mambo mawili. Kwanza, waliomtangulia wote Portia amewacheka. Pili, kabla hata Mmorocco hajaingia, Portia amekwisha kumwambia Nerissa kwamba mtu huyu hata awe na tabia ya mtakatifu, akiwa na rangi ya shetani, hamtaki kuwa mume. Na akishachagua vibaya, akaaga na kuondoka kwa huzuni, Portia anashukuru na kuomba wote wa rangi ile wachague vivyo hivyo.

Huu ndio ninaouita ulimi wa sebuleni na ulimi wa jikoni. Sebuleni mgeni anasifiwa, jikoni anasemwa. Kifani, Shakespeare ameupanga ulimi wa jikoni uje kabla na baada ya ule wa sebuleni, kama vipande viwili vya mkate. Mhakiki asiyeuona mpangilio huo atadhani Portia ni mhusika mwema tu, mwenye akili na huruma.

Halafu kuna utaratibu wenyewe wa kumpokea. Mmorocco anatakiwa aape kwanza kwamba akikosea hataoa maisha yake yote; kisha anapewa chakula; ndipo anapelekwa kwenye visanduku. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni kiustaarabu. Mimi naisoma vingine. Jembe ni hati ya kuingizwa nyumbani. Mtu aliyepewa jembe hatazamwi tena. Analima pamoja na wenzake, akikosea mstari anachekwa, kesho analima tena. Belmont hakuna jembe. Kuna mtihani wa mara moja, na aliyefeli haulizwi tena habari zake.

4.0 Siku Shylock alipokwenda kula

Mapema katika tamthilia Shylock anakaribishwa chakula. Anakataa, na sababu yake anaitoa wazi: atanunua nao, atauza nao, atatembea na kuzungumza nao, ila hatakula, hatakunywa wala hatasali nao. Msimamo huo unaudhi masikio yetu, maana kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumtangazia ugomvi. Lakini baadaye Shylock anauvunja. Anaalikwa tena, anasitasita, anakwenda, huku akikiri kwamba anakwenda na chuki yake moyoni. Usiku huo huo binti yake Jessica anatoroka na Lorenzo, na hazina ya nyumba inatoka naye.

Tuache kidogo suala la nani ana haki. Kimuundo, mwandishi ametupa mara moja tu ambapo mgeni wa Venisi anaingia kula kwa wenyeji, na mara hiyo nyumba yake inabaki tupu. Hiyo si bahati mbaya ya msuko. Baada ya usiku ule Shylock hataki tena fedha, anataka nyama. Wanaosema tamthilia hii inahusu faida tu wanijibu hapa: bepari gani anakataa kulipwa mara kadhaa ya deni lake?

Na kesi inamalizwa na nini? Wanafunzi wote wanakumbuka hila ya damu, kwamba nyama ikatwe bila kumwaga hata tone. Wachache wanakumbuka pigo la pili, ambalo ndilo lililomfilisi. Ni sheria ya Venisi inayomhusu mgeni anayetafuta kumuua raia: nusu ya mali inakwenda kwa yule aliyetaka kumdhuru, nusu kwa serikali, na maisha yake yako mikononi mwa mtawala. Hila ya damu ingemzuia tu asikate. Sheria ya mgeni ndiyo iliyomvua nguo. Kichekesho ni kwamba anayeisoma sheria hiyo, Portia aliyejificha katika nguo za kiume, mwenyewe si wa mahakama ile. Amepokelewa kwa barua ya utambulisho kutoka kwa Bellario, mwanasheria bingwa wa Padova. Mgeni mwenye barua amemshinda mgeni asiye na mdhamini.

5.0 Padova ya leo

Padova inayotajwa kitabuni ni mji wa kweli, na umezoea wageni wa elimu. Chuo kikuu chake kilianza mwaka 1222. Hapo Galileo alifundisha, na hapo mwaka 1678 Elena Cornaro Piscopia alipata digrii ya udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza kujulikana duniani kufikia hatua hiyo. Portia wa miaka ya 1590 asingeweza kwenda kuitafuta. Ndiyo maana ilibidi aazime joho la mwanamume. Mji huo pia ndiko lilikozaliwa, mwaka 1950, bweni la wanafunzi na madaktari wa kimisionari lililokuja kuwa shirika la CUAMM, ambalo tunalijua Tanzania kwa kazi zake katika hospitali kama ya Tosamaganga, Iringa.

Mdogo wangu alikaa kwa mama mmoja mwalimu mstaafu na mumewe, katika chumba cha kijana wao aliyekwenda kufanya kazi Milano. Kabla hajazoea hata swichi za taa, sheria ilimtangulia. Mwenyeji wa Italia anayempa malazi mtu asiye wa Umoja wa Ulaya anatakiwa kuwaarifu polisi ndani ya saa 48, na mgeni mwenyewe anatakiwa kuomba kibali cha kukaa ndani ya siku 8 za kazi. Mama mdogo aliposikia hivyo alishtuka, akadhani binti kakamatwa. Bibi akacheka: "Si ndiyo kama kupeleka jina kwa balozi wa nyumba kumi!" Ni kweli kabisa. Sengerema nayo mgeni alikuwa anaandikwa daftarini. Tofauti iko katika kile kinachofuata baada ya kuandikwa.

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa majina. Mama mwenyeji alimwambia amwite kwa jina lake tu, bila heshima za ziada. Kwao huo ulikuwa ukarimu: amemfungulia mlango. Kwa mdogo wangu ulikuwa msiba mdogo, kumwita mtu wa umri wa mama yake kwa jina tupu kama anayeita mtoto aje atumwe dukani! Alikaa wiki nzima akianza sentensi zake na "samahani". Mwishoni akapata dawa: akamwita mama wa fulani, kwa jina la yule kijana wa Milano, kama tunavyofanya kwetu. Yule mama alicheka, kisha akanyamaza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa hivyo, na mwanawe hakuwa amekuja nyumbani tangu Pasaka.

Kisha likaja jembe. Wavenisi na majirani zao wa mkoa wa Veneto wanakula polenta, nayo, ndugu msomaji, ni ugali wa mahindi. Mahindi yalifika kwao kutoka Marekani baada ya safari za Columbus, na kwa karne kadhaa maskini wa huko waliishi kwa polenta, wengine wakaugua pelagra kwa kukosa kitoweo. Jumapili moja mama mwenyeji alikuwa akikoroga sufuria, mkono ukachoka. Mdogo wangu akamwomba mwiko. Akasonga, akaminya kama anavyosongwa ugali wa sato, hadi mume wa mama akaja kuchungulia huo mlio. Polenta ilikuwa ngumu kupita desturi yao, wakaila hivyo hivyo. Aliniambia kwa simu usiku ule: "Kaka, leo nimefika." Alikuwa na siku ishirini na tatu nchini humo.

Je, basi nyumba hiyo ilikuwa na ulimi mmoja? Hapana. Aliposhika Kitaliano vizuri alianza kusikia ya jikoni. Alimsikia mama yule yule akimweleza shoga yake kwenye simu kuhusu "poverina" wake, yaani maskini wake, aliyemkusanyia makoti ya zamani ya jirani. Maskini wa nani? Baba yake ana zizi la ng'ombe linalojaa! Hakukuwa na chuki ndani ya neno lile. Kulikuwa na upendo. Lakini upendo unaomhitaji mgeni awe maskini ndipo umkumbatie, huo nao una masharti ya visanduku. Portia alimtaka Mmorocco abadili rangi. Mama wa Padova alimtaka mdogo wangu asiwe na ng'ombe.

Tofauti, na ndiyo ninayoishikilia, ni kwamba mdogo wangu alikuwa na kesho. Alimwonyesha yule mama picha ya zizi. Mama alihesabu, akauliza bei ya ng'ombe mmoja, akapiga hesabu kwa Euro, akamwita mumewe aje aone. Tangu siku hiyo neno poverina halikusikika tena nyumbani humo, na makoti yalipelekwa parokiani. Mmorocco angepewa siku ishirini na tatu Belmont, na mwiko, nani ajuaye?

6.0 Wasiosema

Nirudi kitabuni kwa wahusika wawili ambao uhakiki wetu huwaacha.

Wa kwanza ni Jessica. Anapofika Belmont na Lorenzo, Gratiano anamwagiza Nerissa amchangamshe yule mgeni na kumkaribisha. Ametoka kwa baba, ameacha dini, ameleta mali, bado anaitwa mgeni. Baadaye Portia anamwachia yeye na Lorenzo nyumba nzima na watumishi. Hata hivyo Launcelot anamtania kwamba kuongezeka kwa Wakristo kutapandisha bei ya nguruwe. Katika onyesho la mwisho, kwenye mbalamwezi, Jessica anasema kwamba akisikia muziki mtamu hana furaha. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Wenye nyumba wanarudi, vicheko vya pete vinaanza, naye yupo jukwaani kimya hadi pazia. Mwongozaji wa jukwaa akitaka kujua tamthilia hii inahusu nini, na amtazame Jessica katika dakika hizo.

Wa pili hana jina. Lorenzo anamshutumu Launcelot kwamba amempa mimba mwanamke mweusi. Launcelot anaugeuza kuwa mchezo wa maneno, watu wanacheka, mazungumzo yanahamia kwenye chakula cha mchana. Huyo mwanamke haingii jukwaani hata mara moja. Amefikaje Belmont? Anafanya kazi gani? Nani atamlea mtoto? Mmorocco alikuja na wafuasi wake, akala, akajaribiwa, akaondoka. Huyu anaishi humo. Ndiye Mwafrika pekee katika tamthilia anayelala katika nyumba ya Kitaliano, na anajulikana kwetu kwa mzaha wa mtu mwingine.

Wahadhiri wetu wanapouliza swali la "nafasi ya mwanamke" tunakimbilia Portia na joho lake. Ningependa siku moja swali litaje jikoni la Belmont.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Mabepari wa Venisi ikisomwa kwa jicho la ugeni inatupa zaidi ya ile ya unyonyaji peke yake, na kwamba unyonyaji wenyewe unaeleweka vizuri tukijua ni nani aliyenyimwa jembe. Mfasiri mwenyewe alikuwa ameishi Edinburgh kama mwanafunzi mgeni, tangu 1949 hadi 1952, kabla hajarudi kuwa mwenyeji wa nchi nzima. Sidai kwamba alifasiri kwa sababu hiyo. Nasema alikuwa na masikio ya pande zote mbili za mlango.

Limebaki deni, nalo ni letu. Katika miaka ya 1890 Amur bin Nasur alisimulia kwa Kiswahili maisha yake Berlin, alikokuwa akifundisha lugha yetu, na Salim bin Abakari akasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Waliwatazama wenyeji wao kwa macho makavu, wakaandika walichokula na walivyotazamwa. Tangu hapo wametoka wanafunzi wangapi kwenda Roma, Perugia na Padova, mapadre, masista, wauguzi, wahandisi? Masimulizi yao yanaishia kwenye simu na sherehe za kuwapokea. Riwaya zetu zinampenda zaidi aliyerudi kutoka Ulaya na maringo yake kuliko aliyekuwa bado huko, ameshika mwiko, anatafuta namna ya kumwita mama wa watu.

Mdogo wake aliyemfuata sasa anajifunza Kitaliano, naye anataka kwenda. Wazee bado wanajadiliana. Mimi nimempa kitabu hiki na kumwekea alama pale Launcelot anapotaniwa kuhusu yule mwanamke asiye na jina. Nimemwambia akifika aandike kuanzia hapo. Wenye hoja tofauti nao waandike. Uwanja u wazi.